Midomo ya Picha, Tarumbeta ya Harusi

Aliyemchelewesha bibi harusi mlangoni mwa kanisa letu la Kilutheri hapa Lushoto ni mimi, na bibi harusi ni mdogo wangu wa damu.

Nilitaka kupendeza kwenye picha. Nikashuka Tanga, dada wa saluni akanidunga sindano za kujaza midomo za aina mbili: moja laini ya kuinenepesha, nyingine nzito ya kuchora ukingo. "Zikichanganywa zinakaa vizuri zaidi," alisema. Zilikaa. Nilisahau tu kwamba ndimi mpiga tarumbeta.

Harusini nilivaa barakoa kuificha midomo iliyovimba, nikasingizia mafua. Ilipofika zamu yangu ya kumpigia bibi harusi tarumbeta aingie, nikaishusha barakoa kidogo, nikapuliza. Ikatoka hewa na mate.

"Imeziba, Mwalimu," nikamnong'oneza mzee anayeongoza bendi. Akaikung'uta, akaipangusa. Nikapuliza tena: mate. Waumini wote wamesimama, na mdogo wangu ananikodolea macho ndani ya shela.

Mwalimu akaichukua, akapuliza mwenyewe. Sauti ikafika bondeni ikarudi.

Akaivuta barakoa yangu mpaka kidevuni, akatazama.

"Tarumbeta ni nzima, mwanangu," akasema taratibu. "Hicho kilichoziba umekitoa wapi?"