Beseni la Tangawizi

Nilihama chumba cha mume wangu kwa uongo mdogo: nilisema anakoroma. Anakoroma kweli, lakini alianza tangu tuoane, na miaka yote hiyo nimelala kando yake kama mtoto aliyeshiba. Hakubisha. Alilitoa godoro la wageni stoo akalibeba mwenyewe mpaka chumba walichokuwa wakilala binti zetu kabla hawajaolewa. Akalipigapiga vumbi, akasema, "Haya mama, pumzika."

Sababu ya kweli sikuwa na maneno yake. Hedhi yangu ilikuwa imekoma mwaka wa pili sasa, nami niliiaga bila chozi. Nilidhani habari imeishia hapo. Kumbe baada ya hapo ukeni kulikauka, kukawa kunawasha, na tendo la ndoa likaniuma kama kidonda kinachosuguliwa. Mkojo nao ukaanza kuniamrisha. Ukisema sasa ni sasa, na nikichelewa kufungua mlango wa choo unaanza bila mimi.

Nimefika kidato cha nne, msinione hivi. Mwalimu wetu wa baiolojia alitufundisha jinsi hedhi inavyoanza kwa vipindi vitatu na michoro ubaoni. Jinsi inavyokoma alitufundisha kwa sentensi moja, kengele ikalia.

Hata bila maradhi mimi ni mtu wa nyumbani. Nikienda dukani naaga kama ninayehamia Tanga. Kwa hiyo nilipoanza kujificha hakuna aliyeshtuka. Niliacha kwaya kwa sababu kila noti ya juu ilikuwa inatoka na kitu kingine chini. Niliacha kunywa maji, nikijiona mjanja kwamba kisichoingia hakitatoka. Kikatoka hivyo hivyo, cha moto na cha kuchoma.

Ila msaragambo haukwepeki. Huku kwetu Upare, siku ya kazi ya pamoja ikitangazwa, kaya isiyotoa mtu itasemwa mpaka pale mazao yatakapoingia ndani. Nikabeba jembe kwenda kuzibua mfereji wa maji ya kumwagilia. Kabla jua halijapanda nilikuwa nimeingia kichakani mara nne. Dada wa mume wangu, ambaye Mungu alimpa mdomo akasahau kumpa mlango wake, akaegemea jembe lake.

"Wifi, umetega panya huko?"

"Nimetega," nikasema. "Mmoja mkubwa, anaulizauliza."

Wanawake wakacheka, nami nikacheka kuliko wote. Halafu nikarudi nyumbani peke yangu kupitia njia ya juu, ndefu, khanga nimeifunga mara mbili.

Duka la dawa waliniambia ni UTI. Wakanipa vidonge bila kunipima. Vikaisha, maumivu yakabaki. Nikapewa vingine vya rangi nyingine. Ndipo nikaamua kujitibu kama mtu wa huku kwetu kijijini Mamba anavyojitibu kila kitu. Sisi tunalima tangawizi. Mafua ni tangawizi, tumbo ni tangawizi, na mgeni asiyeondoka naye tunampa chai ya tangawizi. Nikachagua mizizi iliyokomaa, nikaitwanga, nikaichemsha, nikaiacha ipoe kidogo kwenye beseni la kuogea. Nikajifungia. Nikalikalia.

Sitaeleza sana. Nilisimama kwa kasi niliyoiacha shule ya msingi. Mume wangu aliyekuwa uani akauliza, "Mama, umeona nyoka?"

"Nimeteleza tu!"

Siku tatu nilitembea kama bata, nikisema ni kiuno.

Katika siku hizo za bata, nikiwa nimekaa dirishani kwa tako moja, nikaona jambo. Mume wangu kila jioni, akitoka shamba, aliketi kwenye jiwe la uani na kuosha miguu yake kwa sabuni ya kunukia. Aliisugua kwa jiwe la visigino, kidole kwa kidole, akaikausha kwa taulo. Mwanaume huyu nimeishi naye miaka thelathini, na miguu yake nimeijua kwa udongo wake. Nikajiambia, basi. Kuna anayeoshewa miguu hiyo, na si mimi.

Sikumlaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nilikaa kwenye godoro la wageni nikihesabu ni siku ngapi hajanitania. Ukuta kati ya vyumba vyetu ni wa tofali za udongo, nasikia akikohoa. Ningeweza kuongea naye bila kupaza sauti. Nikawa nasikiliza tu.

Nilipoona damu kidogo kwenye nguo ya ndani, woga ukaishinda aibu. Nikamwambia mume wangu naenda hospitali ya Same mjini kupima macho. Nikapanda basi la alfajiri, nimekaa juu ya khanga mbili, nikaushuka mlima nimebana meno.

Daktari alikuwa mwanamke, wa umri wa binti yangu wa pili. "Shikamoo mama," akasema. Nikaitikia marahaba, nikaanza na habari za macho.

"Mama, hapa si macho."

"Najua, mwanangu."

Akanipima mkojo. Akanikagua taratibu, akaangalia na shingo ya kizazi ili kujua damu ile imetoka wapi, akanipeleka kwenye ultrasaundi. Hakukuwa na UTI. Damu ilitokana na ngozi ya ndani iliyochubuka, lakini akanionya kwamba damu yoyote baada ya hedhi kukoma isingojwe, ipimwe. Akaeleza kuwa hedhi ikikoma homoni ya estrojeni inapungua, na ngozi ya uke na ya njia ya mkojo inakuwa nyembamba na kavu. Ndiyo maana inauma, inawasha, na kibofu kinakosa subira.

"Umekuwa ukijiosha kwa kitu gani?"

"Sabuni ya dawa." Nikavuta khanga magotini. "Na tangawizi."

Aliweka kalamu chini. Akaangalia dirishani kwa muda, mabega yakimtetemeka. "Mama," akasema, "tangawizi ni ya chai." Na hata chai kali yenyewe akasema niipunguze, kibofu kisichokozwe.

Akaniandikia krimu ya estrojeni ya kuweka ukeni, kila siku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Kwanza aliuliza kama nimewahi kuugua saratani ya titi. Akanipa jeli ya kulainisha wakati wa tendo, akanifundisha kubana misuli kama ninayezuia mkojo na kuiachia, akaniamuru ninywe maji. Krimu haikuwepo Same, ikabidi iagizwe Moshi. "Usitegemee muujiza kesho," akasema. "Ipe wiki kadhaa. Na mzee anajua?"

"Anajua nimekuja kupima macho."

Nilipofika nyumbani alikuwa uani anaosha tangawizi za kupeleka sokoni. "Miwani iko wapi?" akauliza.

Nikaketi, nikachukua mzizi, nikaanza kuusugua matope. Nikausemesha ule mzizi, maana usoni pake nisingeweza. Nikasema ukavu, maumivu, mkojo, kichaka, beseni. Nikasema kukoroma kulikuwa kisingizio. Maji yakatulia kwenye karai, mikono yake imesimama ndani.

"Kwa hiyo si miguu?"

"Miguu gani?"

"Yangu. Nilidhani inanuka. Ukaona aibu kuniambia."

Nikaanza kucheka, kisha nikamtazama. Hakuwa anacheka. Tangu nihame chumba mtu alikaa kwenye jiwe kila jioni, akijisugua kosa asilokuwa nalo, na mimi dirishani nikimtafutia mwanamke.

Krimu ilifika. Wiki ya pili hakuna kitu. Wiki ya sita niliimba noti ya juu jikoni, kwa majaribio, nikabaki mkavu panapotakiwa. Kuwasha kukaisha. Lakini kila mtu alibaki chumbani kwake. Alilibeba godoro kwa sababu nilisema. Asingelirudisha bila kusemwa. Na kile kimya tulikuwa tumekizoea wote wawili, kama majirani wanaoheshimiana. Daktari hakuniandikia dawa yake.

Jumapili moja, baada ya ibada, nililikunja godoro nikaanza kuliburuta kuelekea stoo. Likakwama mlangoni. Akatoka.

"Kuna mgeni anakuja?"

"Hapana. Aliyekuwepo anaondoka."

"Anakwenda mbali?"

"Chumba cha pili."

Akakuna shingo. "Mwenyeji wa huko anakoroma."

"Ameshaambiwa."

Akainama, akashika ncha ya pili. Hatukulinyanyua mara moja. Alikuwa pekupeku, na visigino vyake vilikuwa safi kuliko vyangu.