Moyo wa Spès Uligoma Kutulia

Moyo wa Spès ulikuwa unapiga mara tisini na nane kwa dakika, na mwenyewe amelala chali kwenye mashine ya kupiga picha ya moyo hospitalini, hajainua hata kidole.

Vidonge viwili vya kuutuliza alishameza. Wapi!

Nyuma ya kioo, mumewe Vénérand ameshika maiki. Jamaa anabeba magunia kwenye ghala moja la mtaa wa Clairwood, mabega kama mlango. Siku hiyo kazi yake ilikuwa kutafsiri tu. Spès, msusi wa mtaa wa Point, Kiingereza hakimpandi, na mwezi ule alishaanguka saluni mara mbili.

"Sikiliza, baba," dada anayeendesha mashine akamwambia. "Moyo ukitulia, mionzi inawaka kidogo tu, kati ya pigo na pigo, basi. Ukikimbia hivi, lazima iwake muda mrefu. Atapata mionzi mingi mara kadhaa zaidi."

"Si uipunguze tu?"

"Nikipunguza na moyo unakimbia, picha itatoka na ukungu, daktari haoni kitu. Na mkeo bado kijana, mionzi inapita kwenye matiti. Sitaki kumpa hata chembe asiyoihitaji."

Vénérand akabonyeza maiki.

"Mama Aurélie, tulia. Tulia, nakuomba."

Mia na nne.

Wakangoja. Namba ikashuka. Themanini. Sabini na mbili. Sitini na nane. Dada akaashiria: mjaribishe kushika pumzi.

"Vuta pumzi... usipumue..."

Tisini na tano!

Eish. Jasho likamtoka. Angeweza, angeushika ule moyo kwa mikono yake. Lakini mikono ya kubeba magunia ifanye nini pale?

Dada akamtazama, akaitazama namba, akamtazama tena.

"Baba, naomba utoke."

"Nitoke? Nani atamwambia?"

Akaitwa Estella, Mkongomani anayefanya usafi kwenye korido ile. Vénérand akaketi kwenye benchi, akajiona bure kabisa. Alisikia tu sauti ya Estella, ya kawaida, kama anayeuliza bei ya nyanya:

"Mama, iko sawa. Vuta pumzi. Shika hivyo hivyo... Haya, achia."

Baadaye dada akatoka anatabasamu. "Hamsini na tisa! Mionzi kidogo sana, na picha safi."

Usafi wa picha wenyewe ndio uliowamaliza. Daktari aliwaonyesha: mshipa mmoja wa moyo umeota mahali pasipo pake tangu kuzaliwa, umebanwa. Upasuaji. Na foleni ni ndefu.

"Sasa mimi nifanye nini, dokta?"

"Asibebe kizito, asikimbie. Mngoje simu."

Kungoja tu.

Kwenye ngazi Vénérand akauliza lililomchoma. "Kwa Estella ulitulia. Kwangu mbona hapana?"

Spès akamshika mkono. "Papa Aurélie, uliniambia 'tulia' kwa sauti ile uliyonipigia nayo simu siku mama alipokufa. Nikajua umeona kitu kwenye mashine, unanificha. Nikaanza kukuaga moyoni."

Vénérand hakuwa ameona kitu. Alikuwa anaogopa tu.

Ndugu zangu, mgonjwa anaisikia hofu yetu kabla ya maneno yetu. Sauti yako ikitetemeka, mpishe mwenye sauti tulivu aseme. Na ukiachwa nje na mikono mitupu, usijione hufai. Kuna siku msaada wako wote ni kukubali kutoka.