Kibuyu Kisichokuwa cha Mkono wa Rael

Kilichoniondoa Kericho, nilikokuwa nikifundisha, Agosti ile, katikati ya miaka ya tisini, kilikuwa kibuyu cha maziwa. Kila likizo dada yangu mkubwa, Rael, alinitumia mursik, maziwa ya mgando yenye mkaa, kutoka Ndanai, na hakuna aliyesugua ndani ya kibuyu kwa kijiti cha moto kama yeye. Safari hii maziwa yalikuwa meupe, mkaa haba. Barua yake ilisema tu kwamba Jumamosi ijayo wakwe wangekuja kumposa binti yake, Chepkoech.

Jumapili nilipanda basi. Mashamba ya chai yalinisindikiza hadi Litein. Baada ya Sotik yakatawala mahindi na ng'ombe.

Saa nane, Ndanai, Rael alinisalimu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umevimba ndani ya sweta.

"Huo ni nini?"

"Ni mkono. Ulidhani ni mguu?"

Jikoni, baada ya kufunga mlango, alinionyesha kovu mahali titi lilipokuwa. Alikuwa amepasuliwa Mei kwa ajili ya saratani, na mkono ukavimba baadaye. Kibuyu nilichotumiwa alikuwa amekisugua Chepkoech.

"Hata mimi ukanificha?"

"Wewe ungelia, halafu niache ugonjwa wangu nikubembeleze. Na wakwe wakisikia, watasema nyumba hii ina ugonjwa. Chepkoech ataachwa."

Jumatatu nilisugua vibuyu vya wageni, yeye akisimamia. "Mwalimu, hapo si ubaoni! Sukuma moto mpaka chini!"

Jumamosi nyanya wa bwana harusi alionja mursik, akakunja uso. "Tulisikia Rael hana mpinzani. Kumbe mkono umelegea!"

Watu wakacheka. Nilikuwa nikitafuta uongo wa kusema, Rael akasimama. Kukatwa titi alikuwa amevumilia kimya. Kuambiwa mkono wake umelegea, hakuweza.

"Nyanya, hiyo ni kazi ya mdogo wangu, huyu mwalimu. Mimi nilikatwa titi, mkono ukakosa nguvu. Nilificha ili mumwone mtoto wangu kabla ya kuuona ugonjwa wangu. Sasa mmemwona."

Chepkoech aliinamisha kichwa. Nyanya akaweka kikombe chini.

"Umepigana peke yako, na bado umetulisha? Mtoto wa mama kama huyu hatumwachi hapa. Niongezeeni, hata kama ni ya mwalimu."

Jumapili nilirudi na kibuyu kitupu mapajani, alichokisugua Rael mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nimeamini kwamba watu huficha maumivu kwa aibu. Dada yangu alificha ili jina lake litangulie kuingia mlangoni, ugonjwa ufuate nyuma.

Kericho, jirani alichungulia ndani ya kibuyu. "Mkaa umekaa upande mmoja. Nani huyu alisugua vibaya hivi?"

Nikamwambia kwa sauti ni nani, na kwa mkono upi.