Karatasi Ndani ya Mfuniko

Siku ya kwanza ya kazi Patro, yaani bosi wangu, hakunipa bisibisi. Alinipa penseli. Ilikuwa katika atelye yake, karakana ya kutengeneza kompyuta pale mtaa wa Kimanga, chumba kimoja chenye meza tatu, na mimi nilikuwa mwanamke pekee mle ndani. Alifungua mashine, akanionyesha diski, kile kiboksi kinachotunza kazi yote ya mtu.

— Weye unaona nini hapa?

— Diski, Patro.

— Na ile diski iko inashikwa na nani?

Sikujua. Akaniambia nichore. Juu kabisa kontrolere, kile kipande kinachosimamia diski zote. Chini yake porti, yaani matundu ya kuchomekea nyaya, kila moja na namba yake kuanzia sifuri. Chini ya kila porti, kilichochomekwa. Pembeni niandike hali ya kontrolere, maana nyingi zilikuwa na hali mbili: IDE ya kizamani na AHCI ya kisasa. Karatasi ile tuliibandika ndani ya mfuniko wa mashine. Kila mashine iliyopita mikononi mwa Patro ilikuwa na karatasi yake, na aliyesahau kuibandika aliifungua upya.

Nyinyi vijana mnadhani kompyuta inaiona diski. Haiioni! Sisteme, ile programu kubwa inayoendesha mashine nzima, huanza kwa kuuliza: kuna kontrolere gani hapa? Ikijibiwa, inamwita pilote, programu ndogo inayojua kusema na kontrolere ya aina hiyo. Pilote ndiye anayehesabu porti, kisha anauliza kila porti kama ina diski. Sisteme inajichorea picha ileile niliyochora kwa penseli. Ukibadili hali ya kontrolere, kwa sisteme hiyo ni kontrolere nyingine, na kama pilote wake hakuandaliwa, kazi inakwama hapo juu. Diski ni nzima, inazunguka, ila hakuna wa kuifikia.

Patro alipozeeka akafunga atelye, nikaajiriwa katika ofisi moja ya viwanja ambayo sitaitaja. Mkubwa wetu, Shefu wa Biro, alipenda amri. Radi ilipounguza printa, aliamuru mashine zote zichomolewe ukutani kila jioni. Nikamwambia mashine iliyochomolewa hutegemea kibetri kidogo cha ndani kutunza saa na hali ya kontrolere, na kwa mtindo huu tutakimaliza.

— Mama Riziki, weye uko na maneno mingi.

Ni kweli, nina mdomo, wala sijutii. Baada ya miaka michache saa ya mashine kubwa, ile iliyotunza picha za ramani zetu, ilianza kuchelewa, kwanza dakika, baadaye saa nzima. Niliomba kibetri kipya. Shefu akanionyesha saa ya ukutani, akauliza kama hiyo hainitoshi.

Kisha mto Mulongwe ukafurika. Maji yaliingia hadi ofisini, yakalowesha rejista zetu za karatasi zikawa uji. Mashine tulizipandisha juu ya kabati, zikakaa siku tisa bila umeme. Picha za ramani za viwanja zikabaki katika diski ya mashine kubwa tu. Tuliporudi, Mama Faida, mjane anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, alikuwa ameshafika mlangoni. Maji yalikuwa yamechukua nyumba yake na karatasi zake, na jirani tayari alikuwa amepanda vigingi hatua sita ndani ya kiwanja chake.

— Mutafute ramani yangu, mama. Bila ile, minye na watoto hatuko na fasi ya kulala.

Shefu akaiwasha mashine mwenyewe. Yakatokea maandishi ya kuonya, akabonyeza kitufe bila kusoma. Kioo kikageuka buluu, basi. Akaita Injeniere, mhandisi wa kompyuta kutoka Bukavu, naye akaja na gari iliyobaki nje ikiunguruma.

— Sisteme ilishaoza. Tufomate diski, tuweke mpya. Nusu saa tu.

Kufomate ni kufuta kila kitu. Nikauliza ramani je? Akasema hizo tuzisahau. Mama Faida alikuwa mlangoni, alisikia kila neno. Hasira ilinipanda hadi masikio yakawaka. Niliichomoa mashine, nikaiweka chini, nikaikalia.

— Simama, Mama Riziki! Ni amri!

— Sisimami. Kama ni kosa, muniandikie barua.

Shefu akaandika kweli. Ile barua ya kukudai maelezo ambayo kila mfanyakazi wa ofisi huku anaiogopa, akaipiga muhuri, akaniwekea mapajani. Alipokuwa bado anafunika wino, niliinuka, nikafungua mfuniko. Karatasi niliyoibandika nilipoanza kazi pale ilikuwepo, kwa mwandiko wangu: AHCI, porti sifuri, diski ya viwanja. Niliichomeka mashine, nikaiwasha, nikaingia katika mipangilio yake ya ndani. Tarehe ilikuwa ya miaka ya nyuma. Kontrolere: IDE. Kibetri kilikuwa kimekufa, na kontrolere imerudi katika hali ya kiwandani.

— Mpangaji wa chumba ya tatu, weye unamubishia hodi ku chumba ya kwanza, — nilimwambia Injeniere. — Halafu unasema alishakufa?

Nikairudisha AHCI. Sisteme ikaamka na ramani zote. Injeniere alisema gari inamngoja. Mama Faida aliondoka na ramani yake kifuani, na kabla ya giza kuingia vigingi vya jirani vilikuwa vimeng'olewa. Kibetri nilikwenda kukinunua mwenyewe.

Barua ile niliijibu. Sikuandika hata neno moja la kuomba radhi. Niliibania karatasi ya mfuniko kwa nyuma, nikarudisha.

Mwaka huu nimestaafu. Siku ya kuniaga, Shefu, ambaye naye ana mvi sasa, alinifungulia dosye yangu, jalada la kazi lenye barua ile, akasema kwa upole:

— Mama, ile barua nitaitosha humu ndani, uende safi.

Nikamshika mkono.

— Minye niko safi na yenyewe ndani. Uiache. Nyuma yake kuko ile karatasi ya mfuniko, na siku moja mashine itakufa tena, na minye sitakuwa hapa ya kuikalia.