Tepu Isiyo na Gundi

Fundi Syahuka wa Bwera anaogopa kitu kimoja tu, na si umeme. Anaogopa mvua ikinyesha Munkunyu, kwa mama mkwe wake Ketura. Syahuka ndiye aliyemwekea taa ya barazani, na kila iliponyesha, taa ilizimika. Kwa heshima ya ukwe, Ketura hakumsema usoni. Alituma salamu kupitia kwa binti yake Docus, mke wa Syahuka: mwambie fundi wako mvua imekuja.

Salamu hizo zilimchoma. Mara tatu alifunga kiungo cha waya kwa tepu nyeusi ya plastiki, ile ya kila siku, na mara tatu jua liliilegeza gundi, maji yakaingia. Mara ya nne alifunga kwa mpira wa tyubu ya bodaboda, jinsi tunavyofunga magunia hapa mpakani. Mpira ulikaza vizuri sana, na maji yakaingia vilevile.

Ndipo akanunua tepu ya mpira kwa Esperance, mama wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, anayeuza vifaa vya umeme. Nusu saa baadaye alirudi amefura, akaitupa mezani. Alidai ameuziwa tepu feki, haina gundi, haishiki hata kidole.

Esperance alikata kipande. Aliivuta mpaka ikawa nyembamba, akaizungushia kalamu, kila mzunguko ukilalia nusu ya mwenzake, akaikandamiza. Akahudumia wateja wawili, kisha akampa Syahuka ile kalamu.

"Papa Syahuka, hii haikamate kidole. Inajikamataka yenyewe. Sasa fungula."

Syahuka alikwangua kwa kucha, kisha kwa meno. Tepu ilikuwa imeshikana ikawa kitu kimoja. Esperance akamwagiza amalizie juu kwa ile nyeusi, ikinge jua.

Shida ya Syahuka ni kwamba akijifunza jambo, hulimaliza lote siku hiyohiyo. Kule Munkunyu alikata umeme, akafunga kiungo barabara, akarudisha, taa ikawaka. Tepu ikabaki nyingi. Akaiona swichi ya taa hiyohiyo, inayoning'inia kwenye waya, nayo hurushiwa matone, akaihurumia. Akaizungushia tepu yote, mpaka kitufe chake, akakandamiza kwa upendo.

Ikanyesha siku mbili mfululizo. Taa haikutetereka. Siku ya tatu, saa sita mchana, jua likiwaka, Ketura alimpigia simu mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja ya ndoa.

"Mkwe, asante sana, taa iko inawaka vizuri," alisema kwa upole. "Sasa uniambie, tunaizima namna gani?"