Sikuzani na Ufuta Ulioozea Shambani

Watu wakitaka kumsimulia marehemu mke wangu huanza na neno moja: mbea. Hapo ndipo ninapokasirika. Mbea huchukua maneno ya nyumba hii akayapeleka nyumba ile. Sikuzani aliyachukua, ni kweli, tena kwa mikono miwili, lakini hakuyapeleka popote. Aliyaweka tu mpaka yaulizwe. Mimi Mikidadi ndiye niliyekaa naye tangu tukiwa vijana, kwa hiyo katika jambo hili mtu asinifundishe.

Udadisi wake ulikuwa kama njaa. Nikitoka gulioni alininusa kwanza, kisha ndipo ananiamkia. "Baba Mwamina, kahawa umeinywa kwa nani?" Nikisema sikunywa kahawa, ananionyesha chembe za kashata kwenye mfuko wa kanzu. Hakuwa na ugomvi. Alitaka kujua, basi. Akishajua anafurahi, anaendelea kupepeta mtama wake, na mimi nabaki nimesimama kama mwizi nyumbani kwangu mwenyewe.

Nilikuwa tarishi wa baraza la akida, upande wetu wa Lionja. Kazi yangu ilikuwa kwenda kuita watu: fulani anakuhitaji barazani siku fulani, na fulani anakushtaki. Kesi zilizotusumbua kuliko zote ni za talaka. Kwetu mwanamume huoa akahamia kwa mke, mkalima pamoja shamba la upande wa mke. Ndoa ikivunjika mali hugawanywa. Basi siku hiyo ya kugawanya, wallahi, hujapata kuona watu maskini namna ile. Mtu uliyemwona juzi anaswaga mbuzi, leo anakuja na shuka moja imetoboka na kuapa kwamba hana hata kuku.

Sikuzani aliingia katika mambo hayo kwa sababu ya mtu mmoja, Saburi, aliyesema mbuzi wake wote wameliwa na chui wiki ile ile aliyotaka kumwacha mkewe. Niliyasimulia hayo nyumbani wakati wa kula. Mke wangu akaacha tonge mkononi. "Na mbwa wake je?" Nikamwambia mbwa yupo, alinibwekea mpaka nikapanda kichuguu. Akacheka sana. "Chui gani huyo anayemruka mbwa akafuata mbuzi? Chui akimwona mbwa ameona pilau." Kesho yake nikamwambia akida, akida akamwuliza Saburi habari za mbwa, na kabla jua halijafika utosini mbuzi walikuwa wamepatikana kwa binamu yake, wazima kabisa. Tangu hapo akida alikuwa akiniambia, "Tarishi, hili kamwulize mama." Na mimi napeleka. Sikuona haya hata kidogo, maana posho ilikuwa yangu.

Sasa nieleze habari za Mwanaima, maana hizo ndizo zilizompa Sikuzani jina.

Ilikuwa baada ya matrekta ya mashamba ya karanga kule Nachingwea kunyamaza, na vijana wengi wamerudi nyumbani na makoti ya kazi. Mmoja wao alikuwa Hasani, mtu wa Nanganga, aliyeoa hapa kwetu. Mkewe Mwanaima alikuwa mtu mkimya, mchapa kazi, asiyeonekana barazani wala ngomani. Siku moja akafika barazani peke yake akasema anataka kuachwa. Hasani akaitwa. Hasani akasema hana kosa, hamwachi, ila kama mwanamke amemchoka basi ajikomboe: arudishe mahari na gharama zote za arusi, ndipo atamke talaka. Kisheria alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Akida akamwuliza Mwanaima, "Una kitu cha kumrudishia?"

"Nina nusu yangu ya ufuta," akasema Mwanaima. "Tumelima wote, tumepalilia wote. Apimiwe humo."

Hasani akatikisa kichwa kwa huzuni, huzuni nzuri kabisa, na mimi nilikaribia kumwonea huruma. "Ufuta gani, bwana akida? Mwaka huu mvua imechelewa kukatika. Ufuta umeozea shambani wakati mke wangu yuko msibani kwa ndugu zake. Nimechoma mabua yake kwa mikono yangu."

Basi jambo likawa hilo tu. Ufuta ukiwapo, Mwanaima ni mtu huru. Usipokuwapo, atarudi kwenye nyumba ile ile na mume yule yule, na mume mwenyewe sasa anajua kwamba mkewe alikwenda kumshtaki. Nilimtazama Mwanaima. Hakulia. Alikuwa amezishika ncha za kanga yake, amezikaza mpaka vidole vimepauka. Akida akaahirisha shauri mpaka baraza lijalo, akanikonyeza.

Nilipomsimulia Sikuzani, swali lake la kwanza halikuhusu ufuta. "Kwa nini anataka kuachwa?"

"Hakusema."

"Hapigwi?"

"Hakusema, mwanamke wewe. Akida alimwuliza, akatazama chini."

Sikuzani akahema. Nilijua hatalala vizuri mpaka alijue hilo. Lakini alfajiri alikuwa amekwisha jifunga, na safari yetu ilikuwa ya kwenda kwenye shamba la ufuta, si kwa Mwanaima mwenyewe. Miguu yangu ina magaga, nilinung'unika njia nzima, naye hakunisikiliza.

Mnajua ufuta unavyoanikwa. Ukishakatwa unafungwa matita, matita yanasimamishwa yakiegemea vichanja mpaka maganda yafunguke yenyewe, kisha unageuzwa juu ya jamvi na kukung'utwa. Kwa hiyo mtu ambaye ufuta wake umeoza kabla ya kukauka hana haja ya kujenga vichanja vyote. Hasani alikuwa ameng'oa nguzo na kuzichoma pamoja na mabua. Lakini mashimo hakuyafukia. Nani anayekumbuka kufukia shimo la nguzo? Mke wangu akayafuata kwa kidole cha mguu, moja baada ya jingine, mpaka akatokea bondeni kwenye mto. Kando ya mashimo yale sisimizi walikuwa katika pirikapirika zao, kila mmoja na punje yake nyeupe, kavu, isiyo na doa.

"Huu haujaoza," akasema, akatafuna punje moja. "Huu umekung'utwa, tena mwingi. Haya, umekwenda wapi?"

Nikasema labda ameuza. Tukaenda kuulizia gulioni na dukani. Hakuna aliyenunua ufuta wa Hasani, hata wa kukaanga. Nikasema labda amempa rafiki aliyefanya naye kazi kwenye matrekta. Sikuzani akanitazama kwa masikitiko. "Mikidadi, wewe ukitaka kunificha kitu utakipeleka kwa nani?"

Jibu tunalijua sote kwetu huku. Mwanamume mali yake ya kweli huiweka kwa dada yake, maana watoto wa dada ndio warithi wake. Dada yake Hasani, Sabaha, alikuwa akikaa Mkotokuyana, kwenye shamba la ukoo wao.

Tukafika kwa Sabaha mchana, tukijifanya tunapita tukienda kuhani msiba. Alitupokea vizuri, akatupa maji, akatupa muhogo wa kuchemsha. Uani palikuwa na kihenge kikubwa kipya. Sasa kihenge cha mtu hakiguswi na mgeni. Hata akida mwenyewe hawezi kuja akakifungua bila ushahidi, watu wangemfukuza. Sikuzani hakukisogelea. Alikitazama tu huku akimenya muhogo.

"Mtama umekubali mwaka huu, dada," akasema.

"Alhamdulillahi," akasema Sabaha. "Huo ndio mtama wetu."

Kihenge kile kilikuwa kimekandikwa udongo kote, juu, kando, hata chini ya sakafu yake, hadi usingeona ufito mmoja. Mtama hauhitaji hayo. Kihenge cha mtama kikikandikwa kando tu kimetosha. Ufuta ndio usioaminika, hupenya kila tundu. Mimi nilikiona, Sikuzani alikiona, na wote wawili tulijua kwamba kuona si ushahidi. Ningeondoka na hasira zangu. Mke wangu yeye akaendelea kuuliza habari za watoto.

Hapo Sabaha akafunguka. Mwanawe Amiri alikuwa jandoni, na siku ya kutoka ilikuwa imekaribia. "Mjomba wake ameapa," akasema, uso umemng'aa. "Amesema Amiri atavishwa kuliko watoto wote wa Mkotokuyana. Kanzu, kofia, viatu, na sherehe ya watu kula wakasaza."

Sikuzani akalamba vidole. Njiani alikuwa akicheka peke yake, na mimi nikajua tumekwisha pata.

Siku ya baraza watu walijaa. Wazee wa Mkotokuyana walikuwapo, walikuja kwa shauri la mpaka wa shamba. Hasani akarudia maneno yake: ufuta umeoza, hana kitu, hana hata kibaba. Akaapa. Akida akasema, "Mama Mwamina, una neno?"

Sikuzani akasimama, akatengeneza ushungi. "Mimi sina neno, bwana akida. Ninataka tu kumpongeza kaka Hasani. Nasikia mpwa wake anatoka jandoni."

"Ahsante, dada," akasema Hasani. Alishangaa, lakini kidevu kilimpanda kidogo.

"Anavishwa na nani?"

Mtu wa kwingine angeona swali hilo si kitu. Kwetu mtoto akitoka jandoni humtazami baba yake, unamtafuta mjomba wake. Mjomba asipomvisha, mtoto ametoka kama hana ukoo, na huyo mjomba aibu yake haifutiki mpaka anaingia kaburini. Na wazee wa Mkotokuyana, ambao wangekuwa kwenye sherehe hiyo, walikuwa wamekaa pale wakimtazama.

"Mimi," akasema Hasani. "Mjomba wake ni mimi. Nani mwingine?"

"Ndivyo inavyopasa. Sasa, kaka, utamvisha kwa nini? Umesema hapa huna hata kibaba. Kama utaazima, tutajie uliyeazima kwake, ili wazee hawa wajue siku hiyo wamshukuru nani."

Niliiona ile hesabu ikipita usoni kwa Hasani. Akisema ameazima, mtoto atakuwa amevishwa na mtu baki, na wazee wamesikia. Akisema hatamvisha, afadhali ahame nchi. Mzee mmoja wa Mkotokuyana, Agapiti, mtu wa misheni lakini mshika mila kuliko sisi, akakohoa. Akauliza taratibu, "Hasani, Amiri anavishwa kwa mali ya nani?"

"Kwa mali yangu," akasema Hasani, na sauti ikampanda. "Mali yangu mimi, jasho langu mimi. Sijaazima kwa mtu na sitaazima kwa mtu."

Akida akaweka kalamu chini. "Basi ilete tuione," akasema.

Ufuta ukaletwa kutoka Mkotokuyana, magunia yamebebwa na wapwa na majirani. Ukamwagwa kwenye majamvi mbele ya baraza na kupimwa kwa pishi, wote tukitazama. Nusu ikawekwa kwa Hasani, nusu kwa Mwanaima. Kisha kwenye fungu la Mwanaima wakaanza kupima mahari na gharama za arusi kwa bei ya dukani, pishi baada ya pishi, na kila pishi ikihamia kwa Hasani. Fungu lake likapungua, likapungua. Mwanaima alilitazama bila kupepesa. Lilipokwisha, lilikuwa limetosha. Zilibaki punje za kwenye kunjo za jamvi, labda za kujaza konzi. Hasani akatamka talaka mbele ya mashahidi, akaenda kusimama kando, na sikumwona akiufurahia ufuta wake.

Akida alikuwa mtu mwema, lakini naye alikuwa binadamu. "Mwanaima," akasema, "sasa umekwisha achwa. Baraza limehangaika sana kwa ajili yako. Tuambie basi, huyu bwana alikukosea nini?"

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amejisogeza mpaka ukingoni mwa kigoda, shingo ameitoa kama kuku anayesikia mchele. Wiki zote zile alikuwa akiliwaza neno hili. Alikuwa amelitafuta kwenye mashimo, kwenye kihenge, kwa majirani, hakulipata.

Mwanaima akakunja jamvi lake. "Bwana akida," akasema, "niliambiwa nilipe ndipo niondoke. Nimelipa mpaka pishi ya mwisho. Maneno hamkuniambia kwamba nayo yamo katika malipo."

Akaweka jamvi kichwani akaenda zake.

Nilimwambia Sikuzani amkimbilie, njia ni ile ile, wanawake husemeshana. Yeye alikuwa bado amekaa, macho yamemlowa, akitabasamu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuinuka.

"Mwache, Baba Mwamina," akasema. "Ametoa ufuta wake wote kununua hilo jambo liwe lake. Mimi nani nikalichukue bure?"

Yeye na Mwanaima waliishi vijiji jirani miaka mingi baada ya hapo, wakapeana moto na chumvi, wakazikiana watu. Nilimchokoza mke wangu mara nyingi nikimwuliza kama amekwisha jua. Alikuwa akinisonya, kisha ananiuliza nimekunywa kahawa kwa nani.