Kuku wa Siku ya Watoto wa Bujumbura

Wale kuku niliwachinja mimi. Nasema mapema, kwa sababu kule Kasongo wamesingiziwa watu wengi, hata mwimbaji mmoja wa korali ambaye siku ile alikuwa kitandani na malaria yake. Subira mimi sina. Mama alizoea kusema nilitoka tumboni kabla mkunga hajanawa mikono.

Sasa naishi Kindu, na nikisikia matari yanapigwa mahali, moyo unarudi kwetu wenyewe bila kuniomba ruhusa. Naikumbuka Jumamosi ile na aibu yangu yote, na bado naitamani.

Mambo yalianza kanisani. Sista mmoja aliyefanya kazi Burundi alitusimulia habari za watoto wa Bujumbura wasio na nyumba, wanaolala juu ya makartoni kando ya soko. Wengine walinung'unika: kwani kwetu hakuna watoto wenye njaa? Mama akawajibu kwamba wa kwetu, hata wakikosa, bado wana mlango wa shangazi wa kubisha. Ikakubaliwa basi. Korali yetu ya kanisa na wanawake Waislamu wa Nyangwe wanaoimba kasida wangeimba pamoja, kisha watu wote wale chakula pamoja, na kila anayekuja alete kitu cha wale watoto: kikwembe cha kujifunga, sabuni, blanketi. Vitu vingepelekwa na lori linalokwenda Uvira, mpakani na Burundi.

Mama akapewa jiko. Lakini nilijua kilichomnyima usingizi si Bujumbura. Kiongozi wa kasida alikuwa dada yake mkubwa, mama mukubwa wangu, aliyezaliwa naye nyumba moja kule Kabambare, kisha akaolewa Nyangwe na kuingia Uislamu. Kwenye matanga ya babu, mama mukubwa alikula nyama ambayo haikuchinjwa na Mwislamu. Alikuja kuambiwa na watu baada ya kurudi kwake. Akamlaumu mama, mama akaapa hakujua. Tangu hapo alikuwa anakuja kutusalimia, anakaa, anatutania, lakini hata maji hakunywa kwetu. Mimi iliniuma sana, maana yeye ndiye aliyenifundisha kusuka nywele.

"Safari hii yaya yangu atakula chakula changu," mama aliniambia tukichambua mchele. Yaya ndivyo alivyomwita dada yake.

Kwetu desturi ni hiyo: Wakristo na Waislamu wakila pamoja, Mwislamu ndiye anachinja, ili asibaki mtu na njaa. Mama alimwomba mwalimu wa madrasa aje asubuhi. Akaniachia kuku kumi na wawili waliofungwa miguu, akaenda kupokea wageni. Mwalimu hakutokea. Maji yakachemka, yakapungua, nikaongeza, yakachemka tena. Kuni zinaisha, moshi umenijaa machoni, hasira zikanipanda. Nikachukua kisu.

Alipofika, akisukuma pikipiki iliyopasuka tairi, nilikuwa nanyonyoa kuku wa mwisho. Nikamwambia Mwislamu mwingine alishapita akachinja. Akashukuru, akaenda kukaa na wageni. Uongo ule ulinitoka laini kabisa.

Mchana uwanja wa shule ulijaa. Korali ikaanza na wimbo wa Kizimba, wanawake wa Nyangwe wakaitikia kwa matari, mpaka ikawa huwezi kujua nani ni wa kanisa na nani ni wa msikiti. Kisha mama mukubwa akasimama peke yake, akasema huu ni wa watoto ambao hawana wa kuwabembeleza, akaimba wimbo wa kulaza mtoto, wa Kibangubangu, ambao bibi aliwaimbia wao wawili. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaitikia pale pale aliposimama. Mimi nikarudi kwenye kuku, nikafunika sufuria.

Tukaandaa jua likiwa bado juu. Kiongozi wa wageni ndiye anafungua chakula, wengine wanangoja. Mama akamwekea bugali na bakuli la kuku.

"Yaya, kula. Nilimwita mwalimu."

Mama mukubwa akanawa, akasema bismillahi, akamega bugali. Mkono ukaenda kwenye bakuli.

"Mama mukubwa, usile," nikasema. "Ni mimi niliwachinja."

Mkono ukarudi. Wanawake wa kasida wakaangaliana. Mama hakuniangalia, alitazama bakuli lile. Nilitamani anipige, yaishe.

Mama mukubwa akaniuliza kama mama alijua. Nikasema hapana, nilimficha yeye, na mwalimu nikamdanganya. Akauliza sombe, yale majani ya muhogo, imepikwa na nini. Nikamwambia karanga na mawese tu, sufuria yake mbali na ya kuku. Akavuta bakuli la sombe mbele yake, akala tonge, akawaambia wenzake sombe iko, samaki iko, wale. Kisha akamgeukia mama, bila kupaza sauti.

"Siku ya matanga, kama mutu mumoja tu angeniambia hivi, ningekula majani na ningeshukuru."

Mama akakaa chini kwenye mkeka.

"Nilijua, yaya," akasema. "Nyama ilikuwa imeshaiva. Niliogopa utaondoka."

Miaka yote ile alikuwa anaapa, hata mbele yangu. Mama mukubwa akaacha kutafuna. Alimtazama mpaka nikafikiri anainuka aende zake. Halafu akasukuma bakuli la sombe katikati yao, akangoja mama anawe mikono, wakala.